Shilingi Moja ya Juu

Harusi za kwetu nimeshazizoea. Kadi ya mchango inakufikia mapema kuliko mahari, na kamati ina mwenyekiti, mweka hazina na kundi la WhatsApp la kukusuta kwa adabu: "Ndugu mjumbe, ahadi yako bado haijasoma." Ukikwama kulipa ya watu wawili, unaingia peke yako na mkeo ananuna mpaka Pasaka.

Sasa bosi wangu, Mhindi wa Kigujarati mwenye duka la vitambaa mjini hapa Dar, akamwozesha binti yake. Akanipa kadi nzito, ina dhahabu pembeni, imeandikwa mimi na familia. Mchango? Hakuna. Nikaigeuza nyuma nikitafuta namba ya kutumia pesa, sikuiona. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Nikamfuata mzee wa stoo, ambaye amekaa dukani kuliko rafu zenyewe.

"Peleka bahasha," akaniambia. "Lakini isiishie na sifuri. Kama ni elfu ishirini, weka na shilingi moja juu. Sifuri kwao ni mwisho, moja ni kuendelea."

Shilingi moja! Jamani, mwaka gani huu?

Jumamosi ikafika. Mama Neema akaenda saluni tangu asubuhi, akaniachia kikaratasi. Mtungi wa gesi. Mahindi mashineni. Viatu vya Neema kwa fundi. Nazi mbili, "uzitikise kwanza, usiniletee kavu". Umeme. Na chini kabisa, kwa kalamu nyingine: "Ile shilingi usisahau." Huyo mwanamke amekwenda kukaa kwenye kiti anaoshwa nywele, mimi niko juu ya bodaboda nimekumbatia mtungi, na dereva ananiambia, "Mzee, ushike vizuri, breki ya nyuma inasumbua."

Mashineni nikakuta foleni ya ndoo. Wenyewe hawapo, ndoo ndizo zimepanga mstari, na ukijaribu kuruka moja tu wenyewe wanatokea ukutani. Fundi viatu akaniambia njoo kesho. Kesho ya fundi viatu haijawahi kuwa na tarehe.

Shilingi ndiyo iliyonimaliza. Muuza duka alikuwa na hamsini, hana chini ya hapo. Konda wa daladala akanitazama kwa huruma: "Unataka kulipa nauli ya enzi ya nani, baba?" Nikaishia kwa bibi tunayepanga naye nyumba moja. Akashusha kopo la vifungo, akachokoa kwa kidole kati ya pini na zipu mbovu, akaitoa. Ya mwaka 1966. Upande huu Mwalimu Nyerere bado kijana, upande wa pili mkono umeshika mwenge. Nikafurahi, nikanyoosha mkono.

"Elfu mbili," akasema bibi.

"Shikamoo tena bibi, lakini hii imeandikwa shilingi moja."

"Marahaba. Si ndiyo unayoitaka?"

Nikalipa.

Ukumbini Upanga nikafika na vumbi la mashineni masikioni. Saa ya ndoa ilikuwa imepigiwa hesabu na kuhani kwa nyota, ina mpaka dakika zake, na wageni tulichelewa vilevile kama tuko Mbagala. Hilo likanifariji. Bwana harusi akaja na wapiga ngoma za dholi, ndugu zake wanacheza barabarani, magari yamesimama. Mlangoni mama mkwe akampaka alama nyekundu kwenye paji la uso, halafu, nikiona kwa macho yangu, akapeleka mkono kumkamata pua! Kijana akarudi nyuma, wakwe wakacheka. Mzee wa stoo akaninong'oneza kwamba ni mila yao, ya kumkumbusha kuwa amekuja kuomba, asijivune.

Kijana akavua viatu kwenda kukaa kwenye banda la maua, na mashemeji wa kike wakaviiba hapohapo. Kuvipata ni mpaka atoe pesa. Akabishana, akatoa, viatu vikarudi. Nikamwonea wivu. Mimi fundi wangu pesa ameshachukua.

Maharusi wanazunguka moto, Wagujarati huzunguka mara 4, kuhani yuko katikati ya Kisanskriti chake, simu yangu ikalia. Neema. "Baba, umeme umekatika." Namba za luku ziko kwangu, tarakimu 20. Nikainama chini ya kiti nikaanza kumsomea. Nilipofika katikati dholi likapigwa. "Tatu au nane, baba?" Nane! "Nane au nne?" Mama mmoja wa Kihindi mwenye sari ya kijani akanipokonya simu, akamsomea mwanangu namba zote taratibu kwa Kiswahili cha Kisutu, akamalizia, "Wewe umekula lakini, mtoto?"

Mimi ndiye niliyekuwa sijala. Nimejinyima tangu asubuhi nikisubiri biriani, kumbe harusi yao haina nyama hata ya kusingiziwa. Nimezunguka meza nzima natafuta mfupa: wali, dengu, puri, viazi, mtindi mtamu wa zafarani. Mtindi ule, lakini! Mama Neema alinikanyaga chini ya meza nisirudi tena.

Wakati wa kutoa zawadi ndipo nilipoona. Kila mgeni ana bahasha ya rangi, na nje imegandishwa rupia moja inang'aa. Zinauzwa hivyohivyo, sarafu iko tayari, karibu na dukani kwetu. Mzee wa stoo naye anayo! Nikamtazama. Akajifanya anasikiliza kuhani.

Njiani kurudi Mama Neema alikuwa kwenye simu na mama yake Korogwe, anamhadithia maua, sari, moto, kila kitu. Kwenye ile habari ya pua akarudia, kwa utulivu, mpaka mwenzake akaelewa mkono unavyokwenda. Mama mkwe anakuja Jumatano.