Mboni hana kosa kwa kuujua msitu

Askari akipotea ndani ya msitu wa Boni, huko Lamu, pwani ya Kenya, hutafuta mwenyeji amtoe. Akikuta nyayo asizozielewa, humuuliza mwenyeji huyo huyo. Na bomu likilipuka njiani, wa kwanza kulazwa kifudifudi na kuulizwa amempa nani chakula ni mwenyeji tena.

Waboni, au Waaweer wenyewe wanavyojiita, walikuwa wakiishi kwa kuwinda na kurina asali. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, asali ikabaki. Septemba 2015 ikaja operesheni ya Linda Boni, ya kuwasaka al-Shabaab msituni, iliyotangazwa kuwa ya siku 90. Siku hizo zikageuka miaka, na kuingia msituni kufuata mizinga kukawa ni kujitafutia kesi.

Sisemi operesheni haikuwa na sababu. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, na askari wengi wamekufa kwa mabomu ya kutegwa barabarani. Hakuna mtu wa Lamu asiyetaka kulindwa. Ila Mboni wa kijiji cha Basuba au Mangai anawaogopa wale waliojificha msituni, kisha anamwogopa na aliyetumwa kumlinda. Hapo atamwambia nani alichokiona?

Tazama kizuizini. Mzee ameshika dumu la asali, kipande chake kimefutika hadi picha haijulikani. Kijana mwenye bunduki, wa umri wa mjukuu wake, hamwamkii. "Wee! Hii unampelekea nani?" Mzee anajibu, "Nenda kuuza, mwanangu." Dumu linafunguliwa, linanuswa, linaonjwa (kuonjwa hakukosi), mzee anaachwa juani na wenzake wakipita. Hakupigwa, kwa hiyo hakuna ripoti. Lakini wiki ijayo akiona wageni wakichota maji kisimani, usitarajie apige simu.

Wanaopigwa wanaambiwa wakashtaki. Wapi? Kituo cha karibu ndicho wanachotoka waliowapiga. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini anayekamatwa kijijini Milimani, huko huko msituni, jamaa zake humaliza siku nzima wakiuliza tu kambi gani imemchukua. IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, ipo kwa sheria ya mwaka 2011, na kazi yake ni hii hasa, ila nauli ya kuwafikia maafisa wake Mombasa ni zaidi ya bei ya asali yote ya yule mzee.

Kwangu mimi, vijana wa Kiboni waajiriwe polisi na wapangwe huko huko kwao, si Turkana. Warina asali wapewe siku zao za kuingia msituni, makamanda wakijua. Na IPOA waje Kiunga kwa tarehe maalumu, itangazwe msikitini Ijumaa iliyotangulia, wasikae chini ya ulinzi wa kambi ile ile inayolalamikiwa. Boti zipo Amu, mjini Lamu, kila siku. Waziwahi tu kabla maji hayajakupwa.