Saa kumi alfajiri, wodi ya kujifungulia

Mgomo wa madaktari wa 2024 ulichukua siku 56, na karibu kila tulichosikia kilihusu pesa. Kuhusu saa za kazi, kimya. Daktari anayesomea ubingwa wa uzazi hapa Nairobi anaweza kuingia zamu saa mbili asubuhi, na kesho yake saa mbili ukamkuta bado wodini, raundi ikimsubiri. Je, zamu hizo zipunguzwe?

Wanaokataa si watu wakatili. Wengi ni madaktari bingwa waliopitia njia hiyo hiyo, na hoja yao ina uzito: leba haifuati saa za ofisi. Aliyempokea mama jioni ndiye anayejua uchungu ulianza lini na mapigo ya moyo wa mtoto yalibadilika wapi. Ukiongeza makabidhiano, umeongeza nafasi za kusahau. Tena wana mfano. Marekani iliwawekea madaktari wa mwaka wa kwanza kikomo cha saa 16 kwa zamu mnamo 2011, na kufikia 2017 ikawarudisha kwenye saa 24, kwa kuwa tafiti hazikuonyesha wagonjwa wakipona zaidi.

Ila mfano huo huletwa nusu. Hata baada ya 2017, Mmarekani huyo ana kikomo cha wastani wa saa 80 kwa wiki, na analipwa. Huku kwetu wapo wengi wanaojilipia karo ya ubingwa na kufanya kazi hiyo bila mshahara wowote. Ukiazima zamu ndefu, azima na kikomo chake.

Kuna takwimu moja isiyonitoka akilini. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 24 hupungukiwa na umakini sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.10 kwenye damu. Dereva wa kiwango hicho akisimamishwa na polisi wa Alcoblow, kile kipimo cha pombe kwa pumzi, kwenye barabara ya Thika, hapati ruhusa ya kuendesha hata hadi nyumbani. Hawamuulizi kama ana nia njema au amesomea wapi. Halafu mwenzake aliyekesha tunampa kisu cha upasuaji, na chini ya kisu hicho kuna watu wawili, mama na mtoto.

Nayo leba ndiyo mahali pabaya zaidi pa kuchoka. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na mara nyingi damu hiyo hukadiriwa kwa macho tu, shukani na kwenye pedi. Macho hukadiria pungufu hata yakiwa yamelala vizuri. Sensa ya 2019 ilionyesha vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, yaani mama mmoja katika kila watoto 282 hivi. Wodi inayozalisha 40 kwa siku hufika hapo kwa wiki moja.

Nilimpeleka dada yangu kujifungua, na yapata saa kumi alfajiri nikamwona daktari kijana akisoma faili yake. Kidole kilifuata mstari wa kipimo cha damu mara tatu. Kisha akamwita mkunga: "Sista, nisomee hapa, tafadhali." Shangazi yetu alikasirika, alisema tumepewa mwanafunzi asiyejua kusoma. Mimi niliona mtu aliyejua kwamba macho yake yamechoka, akakataa kumhatarisha dada yangu kwa kuona haya.

Hoja ya makabidhiano ina dawa: dakika 20 za kukabidhiana kitandani kwa kila mama, faili mkononi, mkunga akiwepo, na zamu isiyozidi saa 16. Hoja ya uhaba, kwamba madaktari hawatoshi kujaza zamu fupi, nayo ni ya kweli, lakini mjibu wake ni Wizara ya Afya na kaunti, zenye madaktari waliohitimu wanaokaa nyumbani wakisubiri kuajiriwa. Yule kijana tulimwacha pale asubuhi, amesimama kando ya kitanda kingine, akiegemea chuma kwa mkono mmoja.