Nafasi ya Tatu Inastahili Sikukuu

Ile video ya Walatvia imerudi tena kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Busia, upande wa Uganda. Mnaijua: umati umejaa mbele ya Mnara wa Uhuru mjini Riga, watu wazima wanalia, wachezaji wa magongo ya barafuni wamevaa medali za shaba. Chini yake bwana mmoja ninayemheshimu, tunauza naye nafaka soko moja, akaandika: "Nchi nzima inafunga ofisi kwa nafasi ya tatu? Hawa hawana kazi." Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, na maneno yale yamenikaa kooni mpaka leo.

Tarehe 28 Mei 2023, kwenye Ubingwa wa Dunia wa magongo ya barafuni, Latvia iliifunga Marekani 4–3 katika muda wa nyongeza mjini Tampere, Ufini. Dakika za mwisho za muda wa kawaida walikuwa nyuma kwa bao moja. Kristiāns Rubīns akasawazisha, kisha huyohuyo akafunga la ushindi. Latvia haikuwa imewahi kupata medali yoyote katika mashindano hayo. Usiku uleule Bunge lao likaitwa kikao cha dharura, wabunge wengine wakiwa na jezi za timu, likapitisha kwamba kesho yake, Jumatatu, ni sikukuu. Na nchi hiyo haifikishi watu milioni mbili. Wilaya ya Wakiso peke yake inawazidi.

Video haionyeshi walikotoka. Mashindano yale waliyaandaa pamoja na Ufini, na siku ya kwanza kabisa, mbele ya mashabiki wao wenyewe mjini Riga, Kanada iliwapiga 6–0. Sita bila jibu, nyumbani! Hawakuzomewa hadi wakaisha. Waliendelea kujaza uwanja, timu ikajikusanya, ikaitoa Uswidi 3–1 katika robo fainali. Nusu fainali wakakutana na Kanada ileile, wakafungwa tena, 4–2. Siku iliyofuata wakaingia barafuni na miguu iliyochoka kucheza na Marekani, ambayo ilikuwa imeshinda mechi zake zote mpaka nusu fainali. Ukiyajua hayo yote, unamwambiaje mtu kwamba amepata nafasi ya tatu tu?

Nakubali, sikukuu ya kutangazwa usiku wa manane inasumbua. Mgonjwa aliyepangiwa daktari Jumatatu, mwenye kiwanda, mama ambaye hajui kama mtoto aende shule au abaki: hao wana haki ya kulalamika. Sitaki kubishana nao. Bwana wetu wa nafaka lakini hakuwa analalamikia ratiba. Alikuwa anasema furaha yenyewe haikustahili, kwa kuwa hawakuwa wa kwanza.

Basi tujiulize sisi. Wazee wetu mpaka leo wanatusimulia Kombe la Afrika la 1978, Philip Omondi na mabao yake, jinsi Cranes, timu yetu ya taifa ya kandanda, walivyofika fainali kule Accra. Ghana walitufunga 2–0. Tulikuwa wa pili, na hakuna mzee aliyewahi kunisimulia habari ile kwa aibu. Na Septemba 2016, Farouk Miya alipoifunga Comoros pale uwanja wa Namboole tukafuzu tena kombe hilo baada ya miaka 38, barabara zilijaa, pikipiki zikapiga honi mpaka usiku. Hatukuwa tumechukua kombe lolote. Tulikuwa tumepata nafasi ya kwenda. Nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele na sijutii hata kidogo. Kumbe basi tunajua kufurahia kitu kilicho pungufu ya ubingwa. Tunachagua tu tumpe nani furaha hiyo, na wote ambao mchezo wao si kandanda tunawaacha nje.

Ninachotaka kusema hasa ni kuhusu kriketi.

Novemba 2023, mjini Windhoek, vijana wetu waliifunga Zimbabwe. Zimbabwe, nchi inayocheza mechi kubwa za kriketi miaka mingi! Siku chache baadaye wakaimaliza Rwanda, Uganda ikafuzu Kombe la Dunia la T20, ile kriketi fupi inayoisha kwa saa chache, kwa mara ya kwanza, na Zimbabwe ikabaki nyumbani. Ni nchi tano tu za Afrika zilizowahi kufika huko kwa upande wa wanaume. Baadhi ya vijana hao walikulia mitaa ya Naguru, walijifunza kushika gongo wakitazama wenzao pale uwanja wa Lugogo, Kampala. Mnakumbuka mlikuwa wapi siku ile? Wengi wetu hatukumbuki, kwa sababu mchana haukukatika, kazi iliendelea, redio zilitaja na kupita.

Kisha ikaja tarehe 6 Juni 2024. Mechi ilichezwa Guyana usiku wa kwao, kwetu ilianza saa nane na nusu za usiku. Papua New Guinea walipiga kwanza, wakatolewa wote kwa mbio 77, yaani pointi 77. Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, mtu aliyeanza mchezo huu katika miaka ya 1990, alirusha ova zake zote nne, kila ova mipira sita, akaruhusu mbio nne tu na kuchukua wiketi mbili, yaani akawatoa wapigaji wawili. Hadi siku ile hakuna mrushaji aliyekuwa ameruhusu mbio chache hivyo kwa ova zote nne katika Kombe la Dunia la T20. Halafu zamu yetu ya kupiga ikaanza vibaya mno, wiketi tano zikaanguka kwa mbio 26. Riazat Ali Shah akakaa pale, akapokea, akasubiri, akapiga 33 za subira, na kulipopambazuka Afrika Mashariki Uganda ilikuwa imepata ushindi wake wa kwanza wa Kombe la Dunia. Nilitoka nje nikitafuta mtu wa kumkumbatia. Waendesha boda walikuwa wanasubiri abiria, mama wa chapati anawasha jiko. Nikawaambia. Wakaniuliza, "Kriketi ndiyo ile ya Wahindi?"

Sikuwalaumu wao, hakuna aliyewaambia. Kilichoniumiza kilikuja siku tatu baadaye. Tarehe 9 Juni, Siku ya Mashujaa, sikukuu ya taifa letu wenyewe, vijana walicheza na West Indies alfajiri wakatolewa wote wakiwa na mbio 39 tu. Asubuhi hiyo ghafla kila mtu alikuwa mjuzi wa kriketi. Simu yangu ilijaa picha za kejeli. Watu ambao hawakuandika hata neno moja la pongezi tarehe 6 walikuwa na maneno mengi tarehe 9. Wachezaji wale wako ugenini, wanazo simu, wanasoma. Siku ambayo nchi imeiweka kando kuwaheshimu watu wake, tuliitumia kuwacheka wachache waliokuwa wametuletea jambo jipya kabisa.

Fikirini kama Walatvia wangeifanyia hivyo timu yao baada ya zile sita za Kanada.

Wapo watakaosema shida ni pesa, kwamba timu ndogo hazipati chochote. Ni kweli, na waziri anayehusika anaijua vizuri kuliko mimi. Lakini pesa hufuata macho ya watu. Mfadhili gani ataweka jina lake kwenye jezi isiyotazamwa na mtu?

Na wale wanaouliza barafu na Mwafrika wapi na wapi, wavuke tu mpaka hapa. Nairobi kuna uwanja mmoja wa barafu ndani ya hoteli, Barabara ya Mombasa, na vijana wa Kenya wamejifunza magongo humo. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, wakacheza timu moja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wakubwa wa Kanada katika mchezo huo, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na timu nyingine ya kushindana nayo. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Majirani zetu! Nawaonea fahari kama ndugu.

Wanawake wetu wa netiboli, She Cranes, walimaliza wa tano duniani kule Cape Town 2023. Wa tano duniani. Nairudia kwa sababu nina hakika wapo wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza.

Siombi Bunge letu likae usiku. Naomba kitu kilicho ndani ya uwezo wetu. Siku ya Mashujaa ijayo, kwenye sherehe za wilaya, kabla ya hotuba kuanza, majina ya wachezaji waliowakilisha nchi mwaka huo yasomwe kwa sauti, mmoja mmoja, kandanda, netiboli, kriketi, raga, wote, walioshinda na walioshindwa. Haligharimu shilingi. Nimeshamwandikia diwani wetu. Na mwenye kibanda cha video pale karibu na stendi amekubali kwamba Uganda ikicheza kriketi tena kwenye Kombe la Dunia ataiweka, hata kama ni saa tisa za usiku, mradi tufike watu wa kutosha kulipia umeme. Walio Busia, niandikieni niwahesabu.