Mfuko wa bei mbaya kwa mbwa anayejikuna: anasa au kipimo?

Mwambie mfugaji wa Njiro, Arusha, au Shanty Town, Moshi, kwamba mbwa wake anayejikuna mwaka mzima ajaribiwe kwa chakula chenye protini iliyovunjwavunjwa, kisha mtajie bei. Atakuuliza ni mbwa gani huyo wa kula kuliko watoto. Kwenye bei sibishani naye. Chakula hicho kinatoka nje, si kila duka la mifugo linacho, na mbwa mkubwa humaliza mfuko upesi. Ila tunakihukumu kama chakula, wakati kazi yake ya kwanza ni kupima kama muwasho unatokana na mzio wa chakula, yaani kinga ya mwili kukipiga vita chakula cha kawaida.

Kipimo cha damu au mate cha kuaminika kwa mzio wa chakula wa mbwa na paka hakipo. Njia ni kumwondolea mnyama vyote alivyozoea, halafu kungoja. Kwenye mfuko huo protini, tuseme ya soya au maini ya kuku, imekatwa kwa vimeng'enya hadi vipande vidogo mno ambavyo kwa kawaida kinga ya mwili haivitambui.

Kungoja ndiko kunakotushinda. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kuwa kufikia wiki ya 5 zaidi ya 80% ya mbwa wenye mzio huu walikuwa wamepata nafuu; kufikia wiki ya 8 walizidi 90%. Maana yake wapo wenye mzio wa kweli ambao wiki ya 5 inapita bado wanajikuna. Sasa anayekata tamaa wiki ya 3 na kurudi kwenye sindano ya muwasho amepima nini? Na wiki hizo 8 hazitaki huruma: mlinzi akimega tonge lenye mchuzi, mtoto akimrushia mfupa wa nyama choma, au akipewa kidonge cha minyoo chenye ladha ya nyama, jaribio limeharibika. Lawama zote zitaangukia mfuko.

Wapo wanaosema sungura na viazi vitamu vinatosha, nao wana hoja. Mbwa wengi hapa hawajawahi kuonja sungura, na kwa mbwa mzima ni njia halali ya wiki 8. (Mbuzi hafai kwa aliyekulia mifupa ya supu.) Lakini mtoto wa mbwa atapungukiwa kalsiamu, na paka asiyepata taurini (kirutubisho cha kwenye nyama) ya kutosha huharibika moyo na macho. Mfuko nao una kasoro: baadhi ya mbwa wenye mzio wa kuku hujikuna hata kwa protini ya kuku iliyovunjwavunjwa, hivyo uchaguliwe wa protini nyingine. Na kabla ya yote hayo, viroboto na upele viondolewe.

Ngozi ikitulia, chakula cha zamani kirudishwe. Wenye mbwa hugoma hapa, na ninawaelewa, lakini bila hatua hiyo hakuna jibu. Muwasho ukirudi, mara nyingi ndani ya wiki 2, mzio umethibitika. Arudishiwe mfuko hadi atulie, kisha ajaribiwe kitu kimoja kimoja, akianza na nyama ya ng'ombe, inayoongoza kwa kuwasumbua mbwa. Ikionekana ni ng'ombe peke yake, dona na dagaa vinarudi sufuriani na mfuko haununuliwi tena.