Na wewe dada, unalala?

Mama alikuwa shambani kwenye chai, huku kwetu Rungwe, upande wa kulia ulipokufa ganzi. Kiharusi. Tangu siku hiyo anayemuuguza ni dada yangu mkubwa. Mimi naishi Mbeya mjini. Nafika Jumamosi na sukari, sabuni na dawa za presha, Jumapili jioni nageuza. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyaona kwa siku mbili mbili tu. Dada anayajua kwa mgongo wake.

Mwezi wa saba, ukungu umelala hadi saa nne, tulimpeleka mama kliniki. Bodaboda hawezi, maana hakai wima, tukakodi bajaji. Dirisha la wazee lilikuwepo, na kwa hilo nashukuru. Alipimwa presha, akaandikiwa dawa, tukaambiwa turudi baada ya mwezi. Hakuna aliyemwambia ajaribu kusimama. Hakuna aliyeuliza kama anameza chakula vizuri, wala aliyeona gauni lilivyokuwa likimpwaya. Na dada, aliyemshikilia kwenye benchi asubuhi nzima, alikuwa kama sehemu ya benchi lenyewe.

Simlaumu muuguzi. Alikuwa peke yake na foleni ilifika nje. Ninachokataa ni mazoea ya kuona kwamba mzee akishapimwa presha basi amepimwa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kumpima mzee kwenye vituo vya ngazi ya msingi. Mpe maneno matatu ya kawaida, umwulize tena baadaye kama anayakumbuka. Mwambie ainuke kwenye kiti mara tano bila kutumia mikono, uone kama anamaliza ndani ya sekunde 14. Muulize kama amepungua zaidi ya kilo tatu kwa miezi mitatu, anaona vipi, anasikia vipi, moyo wake uko wapi siku hizi. Hakuna hapo kinachohitaji mashine ya mamilioni. Na mwongozo huohuo una sehemu nzima inayomhusu anayeuguza.

Mengi ya hayo yangefanywa nyumbani na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na kwa maoni yangu nyumbani ndiko kunakofaa. Kliniki haioni kizingiti chetu. Haioni choo kilicho nje, na njia yake inavyoteleza mvua za Rungwe zikishika. Haioni mablanketi matatu ya msimu wa baridi, ambayo chini yake kidonda cha kulalia kinaweza kukomaa kabla mtu hajakishtukia. Sisi tulifundishwa na jirani, muuguzi mstaafu: mgeuzeni kila baada ya saa mbili, mkague makalio, visigino na nyonga, shuka likiloa libadilishwe papo hapo. Kila saa mbili, usiku na mchana. Ukiliandika ni jambo dogo. Liishi mwaka mmoja.

Mwezi wa tisa dada alipata kizunguzungu akiwa anabeba maji. Alipopimwa, presha yake ilikuwa juu kuliko ya mama. Miezi yote ile alikuwa akiingia kwenye chumba chenye kipimo cha presha, anatoka bila mkono wake kuguswa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitaja familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee. Sawa. Lakini kwenye nyumba nyingi ninazozijua, familia maana yake ni binti mmoja aliyeacha biashara yake, huku sisi wengine tukituma pesa na kusema tunashirikiana. Nami nimo. Kama yeye ndiye msingi, basi apimwe siku ileile anapopimwa mgonjwa wake, kwenye chumba kilekile, na aulizwe: na wewe dada, unalala? Nani anakupokea ukichoka?

Kwetu sasa mdogo wetu wa kiume analala na mama Jumatano na Alhamisi, nami nachukua Jumamosi. Mwanzoni mama alikataa kugeuzwa na mwanawe wa kiume. Ilituchukua wiki kadhaa, na shangazi akaja kuzungumza naye. Kliniki ijayo ni Jumanne. Nimeomba ruhusa kazini ili niingie nao ndani, na nyuma ya kadi ya mama nimeandika jina la dada.