Norwe, Magari ya Umeme na Hesabu ya Kaboni

Kila inapojadiliwa namna nchi inavyoweza kupunguza gesi joto zitokanazo na usafiri, Norwe hutajwa mapema, na inastahili. Mwaka 2024 takriban asilimia 89 ya magari mapya ya abiria yaliyosajiliwa huko yaliendeshwa kwa umeme pekee. Wapo hata hivyo Wanorwe wanaosema kwamba kubadili injini hakutoshi na kwamba safari za magari binafsi nazo lazima zipungue. Watu hawa hueleweka vibaya, kana kwamba wanabeza mafanikio ya nchi yao au wana chuki na wenye magari.

Wanaoweka matumaini yao kwenye gari la umeme wana hoja nzito. Umeme wa Norwe karibu wote hutokana na nguvu za maji na upepo, hivyo moshi uliokuwa ukitoka barabarani hauhamii kwenye dohani la kituo cha kuzalishia umeme. Serikali nayo haikungoja hiari ya watu: tangu 2001 iliyaondolea magari hayo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25, huku magari ya petroli yakiendelea kubeba ushuru mkubwa. Aliyedai kwamba wanunuzi hawatabadilika amekwisha kujibiwa.

Lakini tutazame magari yote yaliyokuwa barabarani, si yaliyotoka dukani tu. Septemba 2024 ilitangazwa kwamba magari ya umeme yameyapita ya petroli kwa idadi: 754,303 dhidi ya 753,905. Tofauti ilikuwa magari 398. Nchi tajiri, yenye umeme safi na sera iliyodumu katika serikali za mirengo tofauti, ilihitaji zaidi ya miaka 20 tangu msamaha ule wa kodi kufika hapo, na bado yalibaki magari ya dizeli yanayokaribia milioni moja. Gari kuukuu haliachi kutembea kwa sababu mwenyewe amenunua jipya. Humwuzia mwingine, naye huendelea kulitia mafuta. Angahewa haipokei takwimu za mauzo, hupokea kile kilichochomwa, na sehemu kubwa ya kaboni inayotoka leo itaendelea kuwapo kwa karne kadhaa. Norwe imejiwekea lengo la kupunguza gesi joto kwa angalau asilimia 55 ifikapo 2030, ikilinganishwa na 1990, na kwa muda huo mfupi kila mwaka wa kungoja magari ya zamani yachakae una gharama yake.

Hapo ndipo wanaotaka safari zipungue wanapostahili kusikilizwa kwa utulivu. Safari iliyohamia kwenye basi, treni au baiskeli hupunguza moshi siku hiyohiyo, hata kama gari lililoachwa nyumbani ni la dizeli la miaka 15. Isitoshe, hatua moja inaweza kuila nyingine. Magari ya umeme yaliruhusiwa kupita katika njia za mabasi, yakaongezeka hata mabasi yenyewe yakaanza kuchelewa karibu na Oslo, mji mkuu, na mwaka 2015 ikabidi, katika barabara mojawapo kuu, dereva wa gari la umeme awe na abiria ndipo aruhusiwe kupita katika njia ya mabasi saa za msongamano. Abiria wa basi, ambaye tayari alikuwa akifanya kile ambacho lengo la tabianchi linamtaka afanye, ndiye aliyecheleweshwa.

Ni kweli kwamba anayeishi kando ya fyodi, yaani mkono mwembamba wa bahari uingiao kati ya milima, mbali na kituo chochote, hawezi kuambiwa apande basi lisilokuwapo, na tozo ya barabarani, ikitumiwa kupunguza safari, humwumiza kuliko mkazi wa mjini. Pingamizi hilo ni la haki. Ila halifuti hoja, kwa sababu lengo la Norwe la kuzuia ongezeko la safari za magari binafsi linahusu maeneo ya miji mikubwa. Tangu 2023 kodi ya ongezeko la thamani hutozwa tena kwa sehemu ya bei ya gari la umeme iliyozidi kiwango kilichowekwa, ambacho kilianza na krona (sarafu ya Norwe) 500,000. Kwa maoni yangu, mapato hayo yangefaa kwanza kuongeza mabasi na treni za asubuhi katika miji hiyohiyo.