Yerusalemu iko kaskazini ya Lubumbashi

Miaka saba sasa niko Dresden, Ujerumani, kwa kazi ileile niliyofundishwa na baba kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo: kujenga ukuta. Kila nikipita sinagogi jipya, nyumba ya ibada ya Wayahudi, karibu na mto Elbe, nasimama. Lile la zamani lilichomwa na Wanazi Novemba 1938. Hili lilifunguliwa 2001. Kiwanja ni chembamba, hakikuelekea mashariki, upande wa Yerusalemu, ambao Wayahudi wa huku huugeukia katika sala. Basi kila mstari wa mawe ulisogezwa kidogo juu ya ule wa chini, jengo likajisokota polepole, na mstari wa juu kabisa ukatazama mashariki. Aliyewahi kupanga tofali kwa kamba na timazi anajua ugumu wake! Ndani limetundikwa pazia la nyuzi za chuma, mfano wa hema la jangwani. Ofisi na ukumbi viko jengo la pili, ng'ambo ya ua.

Hapo ninawaza sinagogi letu la Lubumbashi, alilochora Mbelgiji Raymond Cloquet, lililosimama tangu karibu na 1930. Waumini wengi walitoka kisiwa cha Rhodes. Leo wamebaki wachache sana. Siku wakitaka jipya, dogo la kuwatosha, nawasihi wasiletewe ramani ya Ulaya. Kwetu Yerusalemu iko kaskazini, na kuanzia Machi hadi Oktoba jua la saa sita nalo liko kaskazini. Maana yake, ukuta wa upande huo, wenye sanduku la Torati, yaani kabati la vitabu vyao vitakatifu, ndio utakaopigwa na jua: uwe mnene, wenye kivuli cha paa lililotokeza. Halafu kuna Sabato, siku yao ya mapumziko inayoanza Ijumaa jioni, ambayo ni mwiko kuwasha taa. Taa huwashwa kabla haijaingia, na umeme ukikatika Ijumaa usiku, hakuna wa kuwasha nyingine. Kwa sala za asubuhi, madirisha yawe mengi. Kuta zilizozibwa kama hizi za Dresden, kwetu zingekuwa tanuru.

Kinachoniuma ni kwamba nyumbani nyumba nyingi za ibada, za dini yoyote, zinajengwa kwa kuiga picha ya kwenye simu. Vioo vya kung'aa kila upande, na tofali nyekundu za udongo wa kichuguu zinafichwa kwa saruji kana kwamba ni aibu. Mafundi tunao. Nimewaona wazee wa Katuba wakizungusha ukuta wa duara kwa kamba na kijiti tu. Hao ningewaita kwanza, waketi na wazee wa sinagogi, kabla mtu hajachora mstari hata mmoja.